Usiuze Cherehani Ulipie Tangazo

Fundi wa Kihonda, barua yako nimeisoma yote, pamoja na ule ukurasa wa nyuma ulioandikwa haraka haraka, pale unaposema usingizi umekukimbia na usiku unaamka kuangalia wafuasi wa fundi wa ng'ambo ya barabara wamefika wangapi. Pole sana. Najua si wivu tu unaokukesha. Kuna kodi ya fremu, kuna binti anayekusaidia ambaye kila Jumamosi anatarajia posho yake, na kuna cherehani ya pili ambayo tangu Agosti inashinda imefunikwa shuka.

Nirudie shida yako nione kama nimekuelewa. Unashona sare za shule na magauni ya vitenge, na unapunguza nguo za mitumba, hapo Kihonda, Morogoro. Wateja wamepungua. Ukashusha bei ya kushona gauni kutoka Sh 18,000 hadi Sh 12,000, wasiongezeke. Jirani yako ana taa ya duara, anacheza mbele ya simu akiwa amevaa suti aliyoshona, na ana wafuasi elfu kumi na moja Instagram. Kisha akatokea kijana wa matangazo, akakwambia kwa Sh 250,000 atakutangaza mwezi mzima na kukuletea wafuasi elfu tano. Wewe mkononi una Sh 120,000 ulizopokea kwenye mchezo. Ndipo unaniuliza: ukope kwa wale wa mikopo ya kausha damu, au uuze cherehani ya pili?

Hapana kwa yote mawili. Sasa vuta kiti nikueleze, maana ukikataa bila kuelewa sababu, yule kijana akirudi wiki ijayo atakushinda kwa maneno.

Tuanze na hao wafuasi elfu tano. Wafuasi wananunulika, na wengi wa hao wanaouzwa ni akaunti tupu zisizo na mtu. Akaunti tupu haina kiuno cha kupimwa. Na hata wakiwa watu kweli, wanaishi wapi? Mtu wa Mwanza akilipenda gauni lako ataipeleka picha kwa fundi wa mtaani kwake, na huyo fundi ndiye atakayelipwa. Anayeuza sabuni anaweza kumtumia mteja wa Mbeya mzigo kwa basi. Wewe unauza nguo ya kupimwa. Mteja wako ni yule anayeweza kuja kwa bodaboda, akapimwa, akarudi kujaribisha, akarudi tena kuchukua. Yuko Kihonda hapo hapo, au Mazimbu, au Msamvu, akizidi sana Mafiga. Kulipia macho ya nchi nzima ili umpate huyo ni kuitupa hela ya mchezo.

Halafu tupige hesabu. Umesema wewe na binti mkijituma mnamaliza magauni matatu kwa siku. Kwa siku sita, kumi na nane. Tuseme tangazo limefanya kazi sawasawa, wakaja watu arobaini wiki moja, wote wanataka nguo ya Jumamosi. Wale ishirini na wawili utawaambia nini? Nakujua kwa barua yako: utawapokea, kwa sababu kodi inakusumbua, utawaahidi, na nguo hazitakuwa tayari. Utakuwa umelipa Sh 250,000 ili watu ishirini na wawili wakatangaze kwamba huaminiki. Na ukiwa umeuza cherehani ya pili kulipia tangazo hilo, hata hao kumi na nane hutawaweza.

Hapa nitasema jambo litakalokuuma kidogo, na nalisema kwa kuwa nakutakia mema. Umeandika, kama jambo la kupita tu, kwamba Idi iliyopita wateja wanne walikuja kuchukua vitambaa vyao, ukawaona hawana subira. Mdogo wangu, Idi haimsubiri fundi. Mama aliyeleta kitambaa wiki tatu kabla, akaambiwa njoo Jumatano, akaambiwa umeme ulikatika, akaambiwa nimebakiza vifungo tu, na asubuhi ya sala mwanawe akavaa nguo ya mwaka jana, huyo hakukosa subira. Sisi tunaoshonesha nguo tumezizoea ahadi hizi kiasi kwamba tukiwa na shughuli tarehe ishirini tunamwambia fundi ni tarehe kumi na tano. Fikiria hiyo ina maana gani kwako. Mtaa mzima umeshaamini kuwa hakuna fundi anayetunza tarehe. Akipatikana mmoja Kihonda ambaye akisema Alhamisi ni Alhamisi, atasemwa saluni, atasemwa kwenye vikoba, atasemwa watu wakitoka kanisani na msikitini, na hatadaiwa hata shilingi na yeyote.

Umekuwa ukidhani shida yako ni watu wasiokujua. Mimi naiona kwa watu wanaokujua tayari: waliokuja mara moja wasirudi, na waliopendezwa na kazi yako lakini hawajui namna ya kukupata tena. Hao ndio wa kuanza nao, na hao hawahitaji Sh 250,000.

Kanunue kaunta buku, lile nene. Kila anayeingia andika jina analoitwa mtaani, namba ya simu, vipimo vyote, alichoshonewa, ni cha shughuli gani, ametanguliza kiasi gani na siku ya kuchukua. Siku unayoiona wewe kuwa inawezekana, ongeza mbili ndipo umtajie. Ukurasa wa siku ukijaa, umejaa, na anayekuja baadaye mpe siku nyingine kwa adabu. Ikitokea dharura, mpigie wewe kabla yeye hajapanda bodaboda. Utaona ugumu wiki za mwanzo, hasa kumwambia mtu mwenye hela mkononi kwamba wiki hii haiwezekani. Vumilia. Mteja aliyeambiwa ukweli hurudi wiki inayofuata, na mara nyingi huja na mwenzake.

Daftari hilo si la kutunzia kumbukumbu tu. Ndilo litakalokuletea wateja, na bahati yako umeniandikia Oktoba. Una wazazi uliowashonea sare Januari iliyopita. Vipimo vya watoto wao unavyo, umesema vimeandikwa kwenye vikaratasi ndani ya droo. Vihamishie kwenye kaunta buku leo usiku. Watoto hao wamerefuka, sketi zimepanda juu ya magoti, mashati yamebana mabegani. Kila mzazi anajua kuwa Januari shule zikifunguliwa atabanwa na madaftari, viatu na sare kwa wakati mmoja, na kila mwaka anaahidi kujipanga mapema. Wewe msaidie kujipanga. Mwandikie ujumbe wa kawaida wa simu, maana wengi wana kitochi, tena kwa jina lake: "Habari za leo, mama (hapo weka jina lake). Ni fundi wa sare wa Kihonda. Januari nilimshonea binti yako sketi mbili. Najua amerefuka. Mlete nimpime bure, na ukitaka unaweza kuanza kudunduliza sasa."

Hapo kwenye kudunduliza nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye riziki yako ya miezi hii mitatu. Tuseme pea mbili za sare, pamoja na kitambaa, ni Sh 60,000. Mzazi akileta Sh 5,000 kila wiki kuanzia sasa, baada ya wiki kumi na mbili amemaliza, na Desemba haijaisha. Yeye hatabanwa Januari. Wewe unapata kazi ya kuanza Novemba badala ya kungoja umati wa wiki ya mwisho, na ile cherehani ya pili inafunuliwa shuka. Kila anacholeta kiandike kwenye kaunta buku na kwenye kikadi atakachokaa nacho yeye, msaini wote wawili. Mwenye mtoto anayeendelea shule ile ile, hela yake ikifika bei ya kitambaa, kinunue na umwonyeshe. Mwenye mtoto aliyemaliza darasa la saba hajui bado rangi ya sketi hadi mtoto apangiwe shule na fomu ya kujiunga itoke, kwa hiyo huyo adundulize tu na hela yake ikae. Nakusihi kwa hili: hela ya kudunduliza usilipie kodi, usikopeshe shemeji, usiichanganye na hela ya matumizi. Ifungulie laini yake ya simu au ikae kwa mweka hazina wa kikoba unayemwamini. Mzazi mmoja akikosa sare baada ya kudunduliza wiki kumi na mbili, na daftari likamshuhudia, hapo hakuna tangazo litakalokusafisha.

Sasa simu yako janja. Una namba mia sita na unashangaa kwa nini status inaonwa na watu ishirini. WhatsApp haimwonyeshi mtu status yako kama yeye hajaihifadhi namba yako. Hata ile njia ya kutuma ujumbe mmoja kwa orodha ya watu wengi, unawafikia waliokuhifadhi tu. Kwa hiyo mteja akija kuchukua nguo na ameridhika, kabla hajatoka mlangoni mwombe ahifadhi namba yako, na mtajie jina la kuandika: Fundi Sare Kihonda. Atakapoulizwa na jirani yake, atakutafuta kwa neno fundi, si kwa jina ulilobatizwa. Pia weka WhatsApp Business, ambayo imekuwepo tangu 2018 na hailipiwi. Inakuruhusu kuweka saa za kazi, mahali ulipo na picha za kazi zako pamoja na bei. Bei iandike waziwazi. Watu wengi hawaulizi kwa kuogopa kuaibika kama itawashinda, nao hupita kimya.

Na picha hizo ziwe za kwako. Binti anayekusaidia amenichekesha pale uliponieleza kwamba kila asubuhi anapakua mishono ya Nigeria na Ghana anaiweka kwenye status yako, kwa nia njema kabisa. Lakini mteja anayekuja na picha ya gauni lililoshonwa Lagos, kwa kitambaa kingine na mwili mwingine, atalinganisha. Gauni lako linaweza kuwa zuri sana, akaondoka amenuna. Piga picha nguo uliyoishona wewe, ikiwa imevaliwa na mama wa Kihonda mwenye umbo lake, asubuhi, karibu na mlango ambako mwanga unaingia. Kioo cha kamera kifute kwanza. Mwombe ruhusa mwenye nguo kabla ya kuirusha, na picha ya mtoto usiiweke bila mzazi kukubali. Ni adabu, na tangu 2023 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi inayotumika. Kazi hii mpe binti rasmi, na umwongezee kitu kidogo, maana simu anaijua kuliko wewe na mimi.

Kuna tangazo jingine ambalo umekuwa ukilitoa mlangoni bila maandishi. Nguo zako zinatembea shuleni, sokoni, harusini, na hakuna hata moja inayosema imetoka wapi. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye biashara yake ilianza 1887, kanga zake zilijulikana kwa chapa yake, K.H.E. Mali ya Abdulla, na hadi leo watu wanaitafuta chapa hiyo kabla ya kulipa. Wewe shona lebo ndogo nyuma ya kola na ndani ya kiuno cha sketi: Fundi Sare Kihonda, na namba ya simu. Lebo za kufumwa bei ikikushinda, kata utepe mweupe, andika kwa kalamu ya wino usiotoka, ushone kwa mkono. Sare ina faida nyingine: mtoto akipoteza sweta, mwalimu au mzazi mwenzake ataisoma namba hiyo.

Umeniandikia sentensi moja ambayo sikuipita haraka. "Anti, naona aibu kujinadi, mama alitufundisha kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Mama yako alikufundisha vizuri, na simpingi. Lakini kizuri hujiuza kinapoonekana, na wewe nguo ulizomaliza umeniambia unazikunja kwenye mfuko mweusi chini ya meza ili zisishike vumbi. Nani atazipenda humo? Zipige pasi, uzitundike mbele ya fremu, zifunikwe nailoni nyepesi kama vumbi linakusumbua. Kumwambia jirani "mimi nashona sare, karibu" si kujitembeza. Unamwondolea usumbufu wa kwenda mjini kutafuta kitu kilichopo mita mia moja kutoka kwake. Naielewa aibu hiyo, hasa kwa mwanamke aliyelelewa asijisifu. Basi usijisifu. Sema unachofanya, siku kitakapokuwa tayari, na bei yake. Sifa waachie waliovaa.

Bei nayo irudishe Sh 18,000. Uliishusha kwa hofu, na wanaokujua wakadhani kazi imeshuka pia. Waliokuja kwa ajili ya Sh 12,000 wataondoka akitokea wa Sh 10,000. Kama unataka kumfurahisha mtu, mfurahishe aliyekuletea mtu. Kwenye kamati za harusi huwa kuna shangazi mmoja anayechagua kitenge cha sare na kuwakusanya wenzake. Mtafute huyo, mwambie akileta kumi, la kwake unashona bure. Hilo ndilo punguzo lenye maana, kwa sababu unalitoa baada ya kazi kuingia.

Kuhusu fundi wa ng'ambo ya barabara, punguza kumwangalia usiku. Anashona suti za vijana na nguo za mahafali, kazi ambayo umesema mwenyewe huipendi. Mama mwenye watoto wanne wa shule hamfuati yeye kwa ajili ya sketi za marinda. Vuka barabara umsalimie. Mwambie wateja wa suti utamletea, na wa sare akuletee. Nina hakika naye anachoka kuwakatalia watu kupunguza kiuno cha suruali ya mtumba akiwa na suti sita za Jumamosi.

Sh 120,000 zako basi. Kaunta buku, utepe wa lebo, kifurushi cha SMS. Kisha kioo cha kumwonyesha mtu mwili mzima na pazia la kona ya kubadilishia, kwa sababu mwanamke aliyejaribu gauni juu ya nguo nyingine, bila kioo, akagundua nyumbani kwamba linabana, hakwambii, anahama tu. Kinachobaki nunua kitambaa cha sare cha shule mbili zilizo karibu nawe, ushone pea za kutundika nje. Bango la barabarani liache kwa sasa, na siku ukilitaka uliza kwanza manispaa, maana mabango yana ushuru wake. Na kama mwakani, daftari likiwa limetulia, utapenda kujaribu tangazo la kulipia, lilipie wewe mwenyewe Facebook au Instagram bila mtu wa kati. Wanakuruhusu kuchagua eneo dogo linalokuzunguka na kuanza na kiasi kidogo cha siku. Lilipie Novemba, kwa ajili ya sare, usisambaze hela mwaka mzima.

Limebaki suala la mkopo. Wale wa kausha damu wanataka rejesho kila wiki, na wewe kudunduliza kunakuletea hela ambayo si yako hadi Januari. Ukiwa na deni la wiki na hela za wazazi ndani ya droo, najua kitakachotokea, na wewe unajua. Usijiweke hapo. Kama baada ya msimu wa sare utahitaji mashine ya overlock, ambayo kweli itakuongezea kasi, kuna mikopo ya halmashauri isiyo na riba: asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Wanawake wa mchezo wako, wanaoaminiana kiasi cha kuachiana laki moja na ishirini, wana nusu ya kinachohitajika tayari. Waite wawili watatu mwende pamoja kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkamwulize masharti ya usajili mapema, ili maombi yakifunguliwa muwe na katiba na akaunti ya kikundi.